Je, Wajua? Watu Wanaomwita Mtakatifu Petro "Babu"

Ukitoka Manila kwenda kaskazini, mwendo wa kilomita 70 hivi, mashamba ya mpunga na miwa yanatanda mpaka macho yachoke. Kwenye tambarare hiyo umesimama mlima mmoja peke yake, Arayat, wenye urefu wa mita 1,026. Magharibi yake iko volkano ya Pinatubo, na Mto Pampanga unashuka polepole kuelekea Ghuba ya Manila. Hapo ndipo kwao Wakapampangan, watu zaidi ya milioni 2 wa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino. Jina lao limetoka kwenye neno pampang, yaani ukingo wa mto.

Wengi mno kati yao ni Wakatoliki, na mambo ya imani yao yanayofika magazetini ni yale ya Ijumaa Kuu, watu wanapogongomewa misumari. Nitayaeleza hayo pia, ila kuna mengi yanayotangulia. Kadiri nilivyowasoma watu hawa nimeona uzi mmoja unaoshona kila kitu chao: walioko mbinguni ni wazee wa ukoo. Na mzee wa ukoo huamkiwa, hulishwa, huchezewa ngoma, na ukimwahidi kitu humlipa hata kama itakuuma.

Apu ni nani?

Bibi au babu, kwa Kikapampangan, ni apu. Mtakatifu naye ni apu. Mtakatifu Petro, msimamizi wa mji wa Apalit, anaitwa Apung Iru. Hilo Iru ni kifupisho cha Pedro, jina la nyumbani, kama Mohamedi anavyokuwa Mudi. Kwa hiyo mkuu wa mitume, mwenye funguo za mbinguni, kwa watu wa Apalit ni "Babu Pita". Katika mji wa Angeles kuna sanamu ya Yesu aliyelazwa kaburini. Huyo ni Apung Mamacalulu, Bwana mwenye huruma, na kila Ijumaa watu humiminika kumtembelea, soko zima likitandazwa nje ya kanisa lake. Mwenyezi Mungu mwenyewe ni Apung Guinu.

Msomaji wa Kiswahili hatapata taabu kuwaelewa. Kijana wa Kikapampangan akikutana na mzee huuchukua mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, kuomba baraka. Sisi tunasema shikamoo, na watu hulifasiri neno hilo kuwa ni kushika miguu ya mkubwa. Wao wameuacha mguu, wameshika mkono.

Lugha iliyonyonywa

Je, wajua kwamba Wakapampangan huiita lugha yao Amanung Sisuan, maana yake maneno yaliyonyonywa kifuani mwa mama? Shaaban Robert alipokitetea Kiswahili katika ushairi wake alishika picha hiyo hiyo ya titi la mama, na sidhani kama aliwahi kusikia habari za mkoa wa Pampanga.

Lugha hiyo ina ndugu karibu na pwani yetu kuliko wengi wanavyofikiri. Mkapampangan huhesabu mbili, tatu, nne, tano hivi: adua, atlu, apat, lima. Mtu wa Madagaska huhesabu: roa, telo, efatra, dimy. Maji Pampanga ni danum, Madagaska ni rano. Ni familia moja ya lugha, iliyotawanywa na mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hata ngalawa ya wavuvi wetu, ile yenye magogo ya pembeni yanayoizuia isipinduke, watafiti wengi huihusisha na mabaharia hao hao.

Kuna na neno tunalolijua bila kufundishwa. Asante sana kwa Kikapampangan ni dacal a salamat. Salamat hiyo ni ndugu wa salama na salamu zetu. Imetoka kwenye Kiarabu, ikapitia kwa wafanyabiashara wa Kimalay. Lakini ukisikia wanakwenda "simba", usitafute bunduki: kwa Wafilipino kusimba ni kwenda kuabudu, na kanisa kwa Kikapampangan ni pisamban.

Roho ni mwenza

Roho ya mtu wanaiita kaladua. Ndani ya neno hilo limo dua, na hapo tusichanganye na dua zetu za kuomba. Hiyo ni mbili, ile ile adua ya kuhesabia. Roho ni wa pili wako. Ni mwenza anayetembea nawe.

Kabla ya mapadri wa Kihispania kufika, kazi ya kusema na wasioonekana ilikuwa ya katulunan, mwanamke mganga aliyeongoza matambiko. Mlima Arayat ulikuwa, na kwa wazee wengi bado ni, makao ya Apung Sinukuan, ambaye jina lake linamaanisha yule ambaye wengine wamesalimu amri kwake. Kule Pinatubo alikaa mpinzani wake, Namalyari. Masimulizi yanasema wawili hao walirushiana mawe juu ya vichwa vya watu. Inaposimuliwa habari hiyo kwa watoto ambao wazazi wao walikimbia volkano iliyolipuka kweli, haisikiki kama ngano.

Baadaye Sinukuan aligeuka kuwa mwanamke katika masimulizi mengi, Mariang Sinukuan, na jina la Maria likaungana na la mwenye mlima. Hakuna aliyekaa mezani kuamua mabadiliko hayo. Yalitokea mdomoni mwa wasimulizi, bibi kwa mjukuu.

Mwezi Novemba unapoingia, Wakapampangan hufanya daun. Neno hilo ni la kutoa sadaka, na ndilo jina la siku za kuwakumbuka marehemu. Makaburi husafishwa, mishumaa huwashwa, chakula hupelekwa, na ukoo mzima hukesha pale. Katika baadhi ya miji vikundi hupita usiku nyumba kwa nyumba vikiimba gosu, nyimbo za kuwaombea marehemu, na wenye nyumba huwapa vitu. Anayeimba mlangoni anasimama badala ya wafu wanaoomba kukumbukwa.

Kijana wa Macabebe

Tarehe 3 Juni 1571, kwenye mlango wa maji wa Bangkusay karibu na Manila, kijana mmoja mkuu wa mji wa Macabebe aliongoza mashua zake kuwapiga Wahispania. Aliuawa siku hiyo hiyo. Pampanga inamkumbuka kwa jina la Tarik Sulayman, na msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa majina hayo yametoka wapi: Uislamu ulikwisha kufika Luzon kupitia Brunei kabla ya msalaba. Mwaka uliofuata watawa Waagostino walianza kazi mjini Lubao, na katika vizazi vichache watu wa kijana yule wakawa miongoni mwa Wafilipino wa mwanzo kuingia utawa na hata kupelekwa nje kama wasaidizi wa wamisionari.

Mmoja wao ni Martha de San Bernardo. Alitamani kuwa mtawa wa Mtakatifu Klara wakati ambapo konventi ya Manila haikuwapokea wenyeji. Mwaka 1633 masista walikuwa wakipelekwa Macau kufungua nyumba mpya, wakamchukua, na vazi la kitawa akavalishwa melini, baharini. Ndiye anayehesabiwa kuwa Mfilipino wa kwanza kuwa mtawa. Ilibidi aondoke kwao ndipo akubaliwe.

Kanisa lililozama nusu

Je, wajua kwamba mjini Bacolor kuna kanisa ambalo watu huingia kupitia yaliyokuwa madirisha?

Tarehe 15 Juni 1991 Pinatubo ililipuka, mlipuko wa pili kwa ukubwa duniani katika karne ya 20. Majivu yalijaa milimani. Lakini kwa Bacolor balaa lilikuja kwa awamu. Kila msimu wa mvua maji yaliyasomba majivu na mchanga yakashuka nayo kama uji mzito wa saruji. Wataalamu huuita lahari. Tarehe 1 Oktoba 1995 lahari iliufunika mji. Mamia ya watu walikufa, hasa kitongoji cha Cabalantian, ambako familia zilipanda juu ya mapaa na tope likapanda nazo.

Kanisa la San Guillermo, lililokuwa na kimo cha mita 12, lilizama hadi nusu. Sasa fikiri unasimama mlangoni mwa jengo hilo. Sakafu ya zamani iko mita 6 chini ya miguu yako. Milango mikubwa ya maandamano na maharusi imelala huko chini na vizingiti vyake. Madirisha yaliyokuwa juu, ya kuingiza mwanga, sasa yako usawa wa kiuno na kifua. Mengine yamegeuzwa milango.

Waumini hawakuhama na Mungu wao. Walichimba. Waliifukua altare kuu na sanamu zake kutoka kwenye tope lililoganda, wakaipandisha juu na kuisimamisha chini ya kuba, mahali pekee penye kimo cha kuitosha. Leo misa husomwa hapo. Anayeinua macho huona dari iko karibu mno, kama ya chumba cha juu cha nyumba.

Bacolor ulikuwa mji mkubwa. Ulikuwa makao makuu ya Pampanga, na Waingereza walipoikalia Manila kati ya 1762 na 1764 serikali ya Kihispania ilikimbilia hapo, ukawa mji mkuu wa koloni zima. Wenyeji wake wengi walitawanyika baada ya lahari. Kila Novemba, kwenye sikukuu ya Bikira Maria wa La Naval, wanarudi. Wapo wasiokuwa tena na nyumba Bacolor, maana nyumba yenyewe iko chini ya ardhi, lakini maandamano yanapita juu ya paa lake.

Nadhiri ya damu

Sasa Ijumaa Kuu. Katika kitongoji cha San Pedro Cutud, mjini San Fernando, kuna igizo la mateso ya Yesu lililotungwa na Ricardo Navarro mwaka 1955. Mwaka 1962 mganga wa jadi, Artemio Anoza, alikubali kugongomewa msalabani kwa misumari ya kweli badala ya kufungwa kamba. Tangu hapo haijakoma, isipokuwa miaka ya janga la korona.

Misumari ni ya chuma kisichoshika kutu, na hulowekwa kwenye spiriti. Hupitishwa kwenye nyama ya kiganja, pasipo na mfupa. Msalaba husimamishwa kwa dakika chache, kisha mtu hushushwa na kupelekwa kwa wahudumu wa afya. Ruben Enaje, mchoraji wa mabango, alianza kushika nafasi ya Yesu mwaka 1986. Mwaka mmoja kabla ya hapo alianguka kutoka ghorofa ya tatu akiwa kazini, akainuka mzima. Ndipo alipoweka nadhiri.

Neno hilo, nadhiri, wao husema panata, na ndilo ufunguo. Wanaojipiga kwa mijeledi njiani huitwa magdarame. Darame ni kushiriki uchungu wa mwingine, kama jirani anavyokuja kukaa nawe msibani bila kusema neno. Mkononi wana burilyos, kamba zilizofungwa vijiti vya mianzi vinavyogongana kila vinapotua mgongoni: tak, tak, tak. Mgongo umechanjwa kwanza ili damu itoke. Wanatembea peku kwenye lami ya joto la Aprili, kichwani shada la majani, na uso umefunikwa kitambaa. Kitambaa hicho nakiona cha maana kuliko damu. Anayetimiza nadhiri anaficha uso kwa sababu jambo hilo ni baina yake na aliyemwahidi, kwa ajili ya mama aliyepona, mtoto aliyetoka hospitali, mume aliyerudi salama kutoka baharini.

Maaskofu hawaungi mkono. Wamesema mara nyingi kwamba sala, toba na matendo ya huruma vinatosha, na madaktari wamewaonya watu juu ya pepopunda na maambukizi. Nawaelewa maaskofu, tena nadhani wako sahihi kwamba msalaba mmoja ulitosha. Lakini mtu akiniuliza kama wale wa Cutud wanafanya maonyesho kwa watalii, nitamwambia aangalie wale wasiopigwa picha: mamia wanaopita vichochoroni asubuhi na mapema, wasio na jina wala kamera, wakienda kuosha migongo na kurudi nyumbani.

Na pembeni ya njia hizo kuna kazi nyingine isiyotoa damu, ninayoipenda zaidi. Vibanda vya muda viitwavyo puni hujengwa kwa mianzi na majani, na ndani yake wazee, wengi wao wanawake, huimba Pasyon, utenzi mrefu wa maisha na mateso ya Yesu, kwa Kikapampangan. Hupokezana mchana na usiku. Sauti ikikauka mwingine hushika ubeti. Mwenye puni huwalisha wote, na hiyo ndiyo nadhiri yake.

Cheza ngoma, ugonjwa uondoke

Huko Sasmuan, mji wa mito na mabwawa ya samaki, deni hulipwa kwa miguu. Kuraldal ni ngoma ya Mtakatifu Lusia, mwenye kuponya macho. Sikukuu yake ni tarehe 13 Desemba, lakini kilele cha ngoma ni Januari, watu wanapojaza uwanja wa kanisa wakirukaruka kwa kufuata tarumbeta huku wakipaza sauti: "Puera sakit!" Maana yake ni ugonjwa utoke, uende zake. Wanandoa waliochelewa kupata mtoto huja kucheza na kuomba. Wengine hurudi baada ya mwaka na mtoto begani, wakicheza naye ili Apu amwone.

Makardinali wa siku moja

Je, wajua kwamba Mkapampangan na Mhaya walifanywa makardinali siku moja? Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimteua Rufino Santos, mzaliwa wa Guagua, Pampanga, kuwa kardinali wa kwanza wa Ufilipino. Siku hiyo hiyo alimteua Laurean Rugambwa wa Tanganyika, kardinali wa kwanza Mwafrika Mweusi, pamoja na Peter Tatsuo Doi, wa kwanza wa Japani.

Nikilifikiria jambo hilo nakumbuka kitu kingine cha pamoja. Bukoba, kwa Wahaya, ni nchi ya senene, na mtu wa huko hahitaji kushawishiwa kwamba mdudu aliyekaangwa vizuri ni kitoweo cha heshima. Wakapampangan nao wana camaru, chenene wa mashamba ya mpunga, anayepikwa kwa siki na kitunguu saumu kisha hukaangwa mpaka awe mkavu na kuvunjika menoni. Sikuona popote ilipoandikwa kama wazee hao wawili waliwahi kulizungumza Roma. Wangekuwa na la kuzungumza.

Chakula cha Mtakatifu Nikolasi

Ufilipino nzima inakiri kwamba wapishi bora hutoka Pampanga. Sisig, nyama ya kichwa cha nguruwe iliyokatwakatwa na kuletwa mezani ikichachatika kwenye bamba la chuma, ilipata sura yake ya leo mjini Angeles miaka ya 1970, kwa mkono wa Lucia Cunanan. Jina lenyewe ni la kale: kamusi ya padri Diego Bergaño ya mwaka 1732 inalitaja, ila wakati huo ilikuwa kachumbari ya papai bichi au mapera yenye chumvi, pilipili na siki.

Lakini chakula kinachohusu habari yetu ni kidogo zaidi. Ni biskuti za San Nicolas. Unga wa uwanga hukandwa na mayai, sukari na tui la nazi, kisha hugandamizwa kwenye kibao kilichochongwa sura ya Mtakatifu Nikolasi wa Tolentino. Vibao hivyo hurithiwa, vingine vimelainika kwa mikono ya vizazi. Tarehe 10 Septemba, siku yake, biskuti hubarikiwa kanisani. Hazimalizwi zote kwa chai. Nyingine huwekwa: mgonjwa hupewa kipande, na wakulima wa zamani walisaga na kunyunyiza shambani ili mpunga uzae.

Bikira aliyetembea vijijini

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Pampanga ilikuwa nchi ya moto. Wakulima waliokuwa wakigawana mavuno na wenye ardhi huku deni likibaki kwao walijiunga na Huk, jeshi lililoanza 1942 kupigana na Wajapani, likiongozwa na Luis Taruc, mtoto wa San Luis, Pampanga. Vita vya Wajapani vilipokwisha, vya ardhi viliendelea.

Mwaka 1952 Askofu Cesar Guerrero wa San Fernando alianzisha harakati ya toba na upendo. Sanamu ya Virgen de los Remedios, Bikira Maria wa Tiba, ilitolewa kanisani na kupelekwa kijiji kwa kijiji, hata kule ambako matajiri hawakuthubutu kulala. Pamoja na maandamano hayo ulikuja utaratibu wa lamac: kila aliyempokea Bikira alileta mchele, mboga, mayai au chochote alichonacho, na mchango huo ukaenda kwa maskini wa parokia nyingine. Tarehe 8 Septemba 1956 Bikira huyo alivikwa taji kama msimamizi wa Pampanga, na kila mwaka tarehe hiyo huadhimishwa.

Sitasema sanamu ilimaliza tatizo la ardhi; halikumalizwa hivyo. Ninachosema ni kwamba watu waliokuwa wakiogopana walipewa sababu ya kusimama kwenye barabara moja, na mwenye nacho alidaiwa mchele, si maneno.

Nyota ya pipa na vibanio

Krismasi ya Pampanga huanza gizani. Kuanzia 16 hadi 24 Desemba kuna misa za alfajiri, siku tisa mfululizo, na tangu zamani kila kitongoji kilibeba taa za karatasi na mianzi kwenye maandamano yaitwayo lubenas. Taa hizo ziliendelea kukua. Leo mjini San Fernando kuna shindano la Ligligan Parul, na taa moja ina kipenyo cha mita 6 hivi na maelfu ya balbu. Hubebwa na lori.

Kinachonishangaza ni namna inavyocheza. Nyuma ya taa kuna mapipa ya chuma yaliyolazwa ubavu. Juu ya kila pipa hubandikwa vipande vya utepe wa gundi kwa mpangilio maalumu. Safu ya vibanio vya nywele, vile vile vya saluni, hugusa pipa, na kila kibanio kina waya uendao kwenye fungu la balbu. Mtu huzungusha pipa kwa mkono. Kibanio kikigusa chuma, taa huwaka. Kikipita juu ya utepe, huzimika. Hivyo rangi hupasuka, hujikunja na kuzunguka kwa kufuata muziki, na aliyetunga mchezo wote huo ametunga kwa kubandika utepe juu ya pipa, akiuona muziki kichwani. Ufundi huo hufundishwa ndani ya familia.

Sala kwa lugha ipi?

Si Wakapampangan wote ni Wakatoliki. Iglesia ni Cristo ina makanisa yake yenye minara myembamba katika miji mingi ya mkoa, na Members Church of God International ina kituo chake kikuu Apalit, mji ule ule wa Babu Pita. Lakini ukiniuliza hitaji kubwa la kiroho la watu hawa leo, nitataja kitu kinachowahusu wote: lugha. Watoto wengi wa Angeles na San Fernando hulelewa kwa Kitagalogi. Wanajua misa, hawajui Pasyon ya bibi yao. Sala aliyoikariri bibi kwa maneno yaliyonyonywa inafika kwa mjukuu kama wimbo wa kigeni. Wapo vijana wanaofufua hata kulitan, mwandiko wa kale unaoshuka kutoka juu kwenda chini, na wapo mapadri wanaoshikilia kuhubiri kwa Kikapampangan.

Na wapo walio mbali. Waswahili wa Muscat na Dubai wanawajua Wafilipino: ni wauguzi, wahudumu wa duka, madereva, mafundi. Miongoni mwao wamo watu wa ukingo wa mto. Ile misa ya alfajiri ya Desemba, kule Ghuba mara nyingi husomwa jioni, watu wakitoka kazini na sare zao, kwa sababu alfajiri ni ya mwajiri.

Babu anarudi kwake

Nimemwacha Apung Iru mpaka mwisho kwa makusudi. Sanamu yake imekaa kitini, uso na mikono ni ya pembe, kichwani taji la ngazi tatu kama la mapapa. Jambo la kujua ni kwamba makao yake si kanisa la parokia. Anaishi kitongojini Capalangan, kando ya mto, alikotunzwa na ukoo mmoja tangu karne ya 19. Tarehe 28 Juni hutolewa kwenda kanisani kwa mashua, na tarehe 30 hurudishwa. Maandamano hayo ya majini huitwa libad.

Mashua yake hupambwa kama jumba na huvutwa kwa kamba na watu walio majini. Nyuma yake huja mitumbwi, boti na majahazi yaliyojaa bendi na familia. Ukingoni watu wamesimama majini mpaka magotini. Mikate na matunda hurushwa, watoto hupiga mbizi kuvifuata, ndoo za maji humwagwa juu ya kila apitaye, padri akiwemo. Ni Juni, mvua zimeshaanza, mto umejaa. Mashua yake inapokaribia gati la Capalangan watu hupunga leso na kumwita kwa jina lake la nyumbani, na wanaume waliolowa chepechepe humwinua begani, kiti na taji, kumpandisha ngazi.